Siku Nne za Kunyamaza kwa Ajili ya Jenereta la Rasaki

Jumatatu, 4 Machi

Abeokuta. Joto. Umeme umekatika tangu jana mchana.

Asubuhi nimekwenda kwa Sikiru, muuza magazeti. Kwake kusoma vichwa vya habari ni bure, mradi usiguse. Tulikuwa wazee wanane, mikono nyuma, shingo mbele. Habari za leo: mahakama ya nchi moja ya baridi imemruhusu jogoo aendelee kuwika. Naunga mkono. Pweza wa maonyesho amefungua kifuniko cha tangi lake na kutoroka. Nampongeza. Saruji imepanda bei. Napinga.

Kisha nikaiona, chini kabisa ya ukurasa. Mwanamke mmoja wa ng'ambo amekaa siku arobaini bila kusema neno, ili miti ya mtaa wake isikatwe. Meya amesalimu amri. Picha ya huyo mama imewekwa, kubwa kuliko ya meya.

Baba Fasasi naye aliiona. Huyu ni fundi cherehani mstaafu, na mwaka jana barua yake kuhusu kupungua kwa tumbusi ilichapishwa gazetini. Ameifunika kwa plastiki ngumu. Anatembea nayo mfukoni, hata msikitini. Mimi, karani wa posta kwa miaka thelathini na moja, nimeshampelekea mhariri barua arobaini na moja. Hawajachapa hata nukta.

Baba Fasasi akasema siku arobaini za yule mama si ajabu. Ajabu ingekuwa mimi, Mzee Oyelami, kunyamaza dakika arobaini. Wote wakacheka. Sikiru alicheka mpaka akakaa.

Nimerudi nyumbani nimeshaamua.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza leo saa moja asubuhi.

Sababu ninayo, tena nzuri. Rasaki kinyozi amefunga jenereta lake chini ya dirisha la jirani yetu Iya Ibeji, kama tunavyomwita kila mama wa mapacha. Wanawe wana wiki tano. Jenereta likiwaka wanaamka, wakilala linawaka. Jumapili nilimwona mama huyo kijana amesinzia wima jikoni, mwiko ndani ya chungu, mboga inaungua. Nilisikitika sana. Nilikusudia kufanya jambo tangu wiki iliyopita, ila sikujua ni jambo gani litakaloonekana.

Neno langu la mwisho nilimwambia mke wangu. Mama Moji alikuwa anamenya kiazi kikuu. Akaweka kisu chini, akaniuliza ni siku ngapi. Nikasema mpaka haki itendeke.

Akasema, "Basi haki isiharakishe, Baba Moji."

Nimekaa barazani na bango: NIMENYAMAZA ILI JENERETA LINYAMAZE. Saa tatu Baba Fasasi akapita. Akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akasema nimekosea kugawa nafasi kati ya maneno. Nilikuwa na majibu sita. Nilimeza yote sita, yakanikwama kifuani kama mkate mkavu.

Haiwezekani kumsikia Baba Fasasi na kunyamaza. Nimetia pamba masikioni. Pamba nyingi, ya hospitali. Sasa dunia iko mbali, kama niko chini ya maji.

Jumatano, 6 Machi

Baba Fasasi ametangaza kwa Sikiru kwamba nimepigwa kiharusi.

Saa nne wakaja kina mama watano wa kanisa la mke wangu. Nikatikisa kichwa kuwaambia sina ugonjwa. Wakatazamana kwa huruma, wakaona kichwa nacho kimeanza kutetemeka. Nikaonyesha bango. Mmoja akaligeuza uso chini, taratibu, akanipaka mafuta kwenye paji la uso. Waliomba muda mrefu. Walikuwa wameleta akara za kunde za moto na uji. Nimekula akara saba, kwa ajili ya nguvu za mapambano. Waliondoka wakiwa na matumaini.

Mchana nimemwona Mama Moji akivuka barabara na waya mrefu wa umeme mabegani, umeviringishwa kama nyoka. Ameingia kwa Rasaki. Baadaye Rasaki na mtu mwingine wakapita wakiburuta kitu kizito kilichofunikwa turubai, kuelekea nyuma ya yadi ya mbao. Mama Moji alikuwa mbele yao akionyesha njia. Mume wake yuko kwenye mapambano, yeye anasimamia watu kuhamisha samani.

Alirudi akaniambia kitu. Midomo ilikwenda muda mrefu. Nikamwonyesha masikio. Akainua mabega, akaingia ndani kupika.

Jenereta halijanyamaza. Hata na pamba nalisikia, linanguruma ndani ya kichwa.

Alhamisi, 7 Machi

Gazeti la leo (Mama Moji ameniletea, amelinunua kabisa, sijui ana nini): wataalamu wanasema wanaume wasiosema sana huishi miaka mingi. Siamini. Watakuwa wamehesabu vibaya kwa kuchoka.

Alasiri amekuja Iya Ibeji. Macho yake leo ni meupe. Amesuka. Alizungumza na Mama Moji, mkono kifuani, akapiga goti hadi chini, kama binti anavyomsalimu mama yake. Nikajua nimemgusa moyo kwa ninachofanya, ila haya zinamzuia kunipigia goti mimi mwenyewe.

Kisha akanitazama, akanitazama tena, na bila kuuliza akaniwekea Kehinde, mmoja wa mapacha, mapajani. Nadhani katika mtaa mzima hakuona mwanamume mwingine aliyetulia. Yeye na Mama Moji wakaenda uani na Taiwo, yule pacha mwingine.

Sijashika mtoto mchanga tangu Moji, na Moji sasa ana miaka thelathini, yuko Lagos. Nilikuwa nimesahau uzito wake. Kama kifurushi kidogo cha posta, kile ambacho unaogopa hata kukipiga mhuri. Alinikazia macho muda mrefu. Nilitamani kumwambia habari za pweza. Sikuweza. Nikamtazama tu. Akalala.

Alilala saa nzima na nusu. Mguu wangu wa kushoto ulikufa ganzi mpaka kiunoni. Sikuusogeza.

Ijumaa, 8 Machi

Hujuma.

Baba Fasasi amekwenda kwenye kituo cha redio cha hapa mjini, akawaambia kuhusu mzee bubu kwa hiari. Mtangazaji anayeitwa Bolatito atakuja kesho asubuhi, matangazo ya moja kwa moja. Haya yote Baba Fasasi ameniandikia kwenye karatasi. Mwishoni ameongeza kwamba, kwa kuwa mimi siwezi kusema, atasema yeye.

Nikaandika chini yake: HAPANA. Akaikunja karatasi, akawageukia waliokuwapo barazani na kuwaambia jambo. Wote wakanipigia makofi. Mama Moji ameniandikia baadaye: "Amesema umemshukuru."

Jumamosi, 9 Machi

Naandika haraka kabla sijaanza kuikumbuka vingine.

Bolatito alifika saa tatu na kipaza sauti. Mtaa mzima uwanjani kwangu. Nilivaa kanzu yangu pana ya agbada, ya buluu. Baba Fasasi alivaa nyeupe, akakaa upande wa kipaza sauti. Akaulizwa swali. Akajibu. Akaendelea kujibu. Mikono ilipaa. Akajigonga kifua mara tatu.

Sikuvumilia. Nikatoa pamba, kwanza kulia, kisha kushoto.

Nikamsikia akisema wazo lilikuwa lake tangu mwanzo, amenisaidia tu mimi rafiki yake nisiye na mambo mengi. Halafu nikasikia kitu kingine. Ndege. Ufagio wa mtu. Kuku wa Iya Ibeji. Basi, hakuna kingine.

Bolatito akauliza jenereta lenyewe liko wapi. Nikanyoosha kidole. Umati wote ukageuka. Rasaki alikuwa mlangoni kwake anafagia nywele. Akatupungia mkono. Chini ya dirisha la Iya Ibeji palikuwa na kiraka cha mafuta mchangani na mbuzi mmoja amelala juu yake.

"Lile?" Rasaki akasema. "Liko nyuma ya yadi ya mbao tangu Jumatano. Mama Moji alikuja, akaniomba. Akanipa na waya wake mrefu, umeme unifikie hapa. Mimi nilikuwa sijui watoto wanasikia kule ndani. Hakuna mtu aliyeniambia."

Bolatito akanisogezea kipaza sauti. Akauliza, kwa upole mkubwa, kwamba ikiwa kelele ziliisha Jumatano, baba yetu ananyamazia nini mpaka leo Jumamosi.

Mji mzima ulikuwa unasikiliza. Nikafungua mdomo. Sauti ilitoka kama bawaba isiyotiwa mafuta.

Nikasema, "Sikuambiwa."

"Nilikwambia," akasema Mama Moji kutoka mlangoni. "Nilikwambia robo saa nzima."

Sitaandika walivyocheka.

Muda uliobaki amehojiwa Mama Moji. Amesema kila mwenye jenereta aangalie kwanza liko chini ya dirisha la nani, na kila anayekereka amwendee jirani yake amwombe, kwa sababu wengi hawajui tu. Akarudi jikoni. Dakika ya mwisho Baba Fasasi akachomoa barua yake ya tumbusi na kuisoma hewani.

Jumatatu, 11 Machi

Gazetini kuna aya fupi kuhusu Mama Moji, na picha. Kiwiko kinachoonekana kando ni changu. Nimewaonyesha wote kwa Sikiru. Baba Fasasi anasema kinaweza kuwa cha yeyote.

Jana nimekubali mbele ya mke wangu kwamba angekwenda mtu kumwomba Rasaki siku ya kwanza, mambo yangeisha kwa dakika tano. Nimeelewa kabisa. Nimesema hivyo mara mbili.

Leo, ukurasa wa saba: mzee mmoja wa nchi ya kusini ametembea kinyumenyume wiki tatu mpaka barabara ya kijiji chake ikakarabatiwa. Picha robo ukurasa. Na barabara yetu kuelekea sokoni ina shimo linalomeza gurudumu zima la teksi.

Naanza kesho saa moja. Mama Moji anasema bwana wa idara ya barabara ni mwanakwaya mwenzake, atamuuliza kwenye mazoezi jioni hii. Nimemsihi sana asimwambie kitu mpaka niwe nimefika angalau sokoni.