Waya wa Plagi ya Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu katoa hukumu. Kibanda cha uani anakitaka kwa cherehani zake mbili. Wateja wamechoka kupimwa nguo jikoni. Kwa hiyo kigari changu chekundu kinacholala humo kiuzwe. Milango mitatu, umri wa miaka thelathini, mbio za swala! Nimemkumbusha kuwa ni cha sita tu tangu tuoane. Kasema hata yeye anajua kuhesabu.

Jumanne, 4 Juni
Mnunuzi kapatikana. Mke wangu kamtafuta mwenyewe: daktari wa meno aliyemng'oa jino mwaka jana. Anakuja Alhamisi. Nimepata mpango. Nitachomoa waya wa plagi moja. Injini itakohoa, daktari atakimbia, nami sitakuwa nimesema uongo hata neno moja. Mungu ni shahidi, sitafungua mdomo.

Alhamisi, 6 Juni
Nikachomoa wa plagi ya tatu. Daktari kafika, kawasha. Gari likatetemeka kama lina homa. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. Mke wangu kasimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni, kanikazia macho.

Daktari hakukimbia. Kafungua boneti, kautazama ule waya, kaurudisha kwa kidole kimoja. Injini ikanguruma vizuri. Msaliti mkubwa! Kisha akaniinamia sikioni.

"Kaka, mimi la kwangu lilipouzwa nilichomoa mbili. Mtu hachomoi waya kwenye gari baya. Nalichukua."

Mke wangu akauliza gari lilikuwa na nini. Vumbi tu, shemeji, akajibu daktari. Muungwana yule. Wakati wa kumpa ufunguo mkono wangu uligoma kufunguka. Mke kaufungua mwenyewe, kidole kimoja kimoja.

Jumamosi, 8 Juni
Cherehani zimeingia kibandani. Mke wangu anashona huku anaimba, sijamsikia akiimba siku nyingi. Nimetubu kwa moyo wote. Magari basi!

Jioni daktari kapita kuniuliza lile jekundu linatumia oili gani. Katika mazungumzo kalitaja lake la zamani, jeusi. Aliyelinunua kalichoka, anataka kuliuza. Mimi nimeuliza tu liko mtaa gani.

Jumapili, 9 Juni
Mpaka mtaa ule ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Fundi wangu kakubali kulilaza lile jeusi gereji kwake. Mke wangu kauliza naenda wapi nimependeza hivi. Nikamwambia naenda kusali. Si uongo. Nimesali njia nzima, asitokee mtu akaniwahi.