Zahanati Isiyo na Mlango wa Kutokea

Jumatatu, 3 Machi
Nimemaliza mchoro wa programu ya zahanati. Visanduku arobaini na kimoja! Mishale kama nywele. Mkuu wetu kautazama, kakuna kidevu, kasema kuanzia leo kila mchoro utapitia kwanza kwenye mashine mpya. Inaugeuza kuwa programu ya majaribio, mtumiaji anabonyezabonyeza, makosa yanaonekana kabla hatujaunda chochote. Mchoro utakaopita Alhamisi, aliyeuchora ndiye kiongozi wa mradi. Mimi, kupimwa na mashine! Jirani yangu wa meza, Bi Usahihi, akapiga makofi. Mnafiki.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu kwa siri. Dakika mbili, programu hiyo hapo. Mgonjwa wa majaribio kaandikishwa, katibiwa, kapona. Kabaki. Sikuchora mshale wa kutoka! Kufika saa sita mchana nina wagonjwa sitini, wazima wa afya, wote chumba kimoja. Bi Usahihi akachungulia, akauliza kama wamekula.

Jumatano, 5 Machi
Kurekebisha ni kazi ya wasio na akili. Mtumiaji wa kuijaribu Alhamisi nitamleta mwenyewe. Shangazi! Muuguzi mstaafu, kanilea, hawezi kuniumbua. Nimemwomba abonyeze hapa na pale, kisha asifu. Kaitikia. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Alhamisi, 6 Machi
Limenila likanimaliza. Shangazi kajiandikisha mbele ya wote. Mwanamke? Ndiyo. Programu ikamuuliza mimba ina miezi mingapi. Ana miaka sitini na nane! Akatafuta palipoandikwa "sina". Hapapo. Akabonyeza tisa ili yaishe. Moja kwa moja wodi ya wazazi.

"Mwanangu," akauliza kwa sauti ya kuamsha wagonjwa, "mimba hii ni ya nani?"

Mkuu alicheka hadi machozi. Nikamkonyeza shangazi asifu. Akasema rangi ni nzuri. Kisha uuguzi ukampanda kichwani: akataja makosa kumi na moja, Bi Usahihi akiandika. Mchoro uliopita ni wa huyohuyo Bi Usahihi, na uongozi kapewa yeye. Naye kamwomba shangazi aje kila wiki. Shangazi kakubali! Damu yangu mwenyewe!

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaza asubuhi nzima. Nimelipata kosa. Mishale! Balaa lote lilitoka kwenye mishale. Nimechora upya: kisanduku kimoja, kikubwa, ndani nimeandika ZAHANATI. Basi. Mashine imeugeuza programu, hakuna hata cha kubonyeza. Makosa: sifuri! Nimesimama mlangoni kwa mkuu, mchoro mkononi. Bi Usahihi leo atanitambua.