Jicho la Samaki Ndani ya Stoo ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Dada amenipa wiki mbili. Alisema huku anaosha vikombe, hata shingo hakugeuza. Stoo ya nyuma ipate mpangaji kabla ya tarehe kumi na saba, la sivyo kazi atampa Mwanya.

Mwanya! Dalali mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa meno yake ya mbele, ambayo wanawake husema yanampendeza. Mimi sioni. Vyumba viwili vya mbele vya Dada alivipangisha ndani ya siku tatu. Anapiga picha kwa simu, chini yake anaandika urefu na upana, watu wanakuja. Hana sanaa hata chembe.

Mimi nina kamera. Iliachwa na mpangaji aliyehama bila kuaga. Naishi humu humu, chumba kikubwa cha ubavuni, kwa hisani ya Dada. Hilo neno "hisani" ni lake, si langu. Marehemu baba alimwachia yeye nyumba kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Mimi aliniachia ushauri.

Stoo yenyewe: ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Nimeipiga picha leo. Imetoka kama kabati. Nikaketi juu ya ndoo, nikafikiri mpaka miguu ikafa ganzi. Jibu likaja. Kuna lenzi inayoitwa jicho la samaki. Inameza kona zote za chumba kwa mpigo mmoja. Kwenye picha yake hata choo kinakuwa ukumbi.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi wa kamera. Mwanamke wa makamo, duka lake upana wa mlango, miwani moja machoni na nyingine kwenye nywele. Akaifungua kamera yangu, akachungulia, akasema sensa yake ni ndogo. Nikamwomba asinidharau. Akasema hiyo si dharau, ni kipimo. Sensa ni kile kibamba cha ndani kinachoipokea picha. Lenzi ya kamera kubwa inamwaga picha pana, sensa ndogo inakinga ya katikati tu, kingo zote zinapotea, sawa na kukinga maji ya paa kwa kikombe. Na utamu wote wa jicho la samaki uko kwenye kingo.

Mezani alikuwa na lenzi tatu za jicho la samaki: ya milimita kumi na tano, ya kamera kubwa; ya kumi; na ya nane. Akanisogezea ya kumi. Imetengenezwa kwa ajili ya sensa kama yangu, itajaza picha nzima.

Mimi si mtoto. Anachokusukumia muuzaji ndicho kilichomdodea. Halafu ni hesabu ya darasa la kwanza: kumi na tano ni nyingi kuliko kumi. Nimechukua kumi na tano.

Pesa sikuwa nazo. Nimeacha saa iwe malipo. Ilikuwa ya marehemu shemeji, mume wa Dada. Dada mwenyewe alinivalisha mkononi wiki ile tulipomzika. Fundi aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia saa ni chuma tu.

Kuanzia leo navaa mikono mirefu.

Jumatano, 5 Machi

Kabati lile lile, ila limevimba kidogo tumboni. Basi!

Nikarudi kuibadilisha. Fundi hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaisogeza tena ile ya kumi. Nikamwambia kama ndogo ndiyo bora, basi nane inaipita. Akasema nane inatoa duara, na kwenye sensa yangu hata duara halitimii. Nikashikilia nane. Akanikumbusha kwamba mchagua nazi hupata koroma. Nikamjibu sikuja kununua nazi.

Alhamisi, 6 Machi

Duara. Limekatwa juu na chini, na kona nne nyeusi tititi. Katikati, ndoo yangu.

Mwanya alinikuta uani nikiitazama. Aliinama, akaangalia vizuri, akauliza kwa adabu kama hicho ni kisima. Angenitukana ningepona. Adabu yake haina dawa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechukua ya kumi. Nilimweleza fundi kwamba nimefikia uamuzi huo mwenyewe, baada ya utafiti. Akasema, "Haya."

Picha ya kwanza ilionyesha stoo yote pamoja na viatu vyangu. Ya pili, viatu na goti. Ya tano niliegemea ukuta hadi chokaa ikanihamia mgongoni, tumbo ndani, pumzi nimeibana. Ikatoka. Ukumbi! Sakafu inakwenda, inakwenda, dirisha liko mbali kama la jirani. Kuta zimepinda kama mtungi, kwa hiyo chini nimeandika: "Usanifu wa mviringo." Nimeituma kwenye kundi la watafuta vyumba.

Urefu na upana sikuandika. Hayo ni mambo ya Mwanya.

Jumapili, 9 Machi

Amepatikana. Mshonaji nguo, anafanya kazi peke yake. Alipiga simu kuuliza kama meza yake ya kukatia vitambaa itaingia. Nikasema hata mbili. Akaomba aje kuangalia kwanza. Nikamwambia kuna watu watano wanaisubiri, na wawili kati yao wamekwisha vaa viatu. Akalipa hapo hapo, moja kwa moja kwa Dada.

Jioni Dada aliniita jikoni. Akanimiminia chai. Akaniita mdogo wangu, jina ambalo sijalisikia tangu msiba. Akasema alikuwa ameanza kunikatia tamaa na anaona alikosea. Kisha akauliza saa ngapi.

Nikasema saa iko kwa fundi, inasafishwa. Akafurahi. Akasema marehemu naye alikuwa akiisafishisha kila mwaka.

Chai ilikuwa nzuri. Sikuimaliza.

Jumanne, 11 Machi

Mshonaji alifika saa tatu asubuhi. Gari la mizigo, wachukuzi wawili, cherehani mbili, na meza ndefu kama deni la ukoo. Wachukuzi walijaribu kuiingiza stoo miguu mbele, ikakataa. Wakailaza ubavu, ikakataa. Wakaisimamisha, ikagonga dari.

Mshonaji alisimama mlangoni na simu mkononi, akitazama picha, akitazama ukuta.

"Kaka, ukumbi uko wapi?"

Nikamwambia picha imepigwa kutokea upande wa nyuma.

"Nyuma ya nini?"

Nikaanza kuisogeza ndoo. Akaketi juu ya meza yake, pale uani, na sauti ikamshuka. Alikohama asubuhi ile kumeshaingia mtu mwingine. Ana sare za shule nzima za kushona, na mwisho ni Ijumaa. Hakupiga kelele. Kelele ningeziweza.

Dada akatoka, mikono ina unga. Akaomba aione picha. Akaikuza kwa kidole chenye unga.

"Hii ni stoo yangu?"

Nikaanza kumweleza habari za sensa na kingo. Hakusikiliza. Akaenda kwenye mlango wa chumba changu, akaufungua wazi. Wachukuzi hawakuhitaji kuambiwa. Meza ilipita bila hata kugusa fremu.

"Toa vitu vyako," akasema.

Nilipoinua kitanda mkono wa shati ulipanda. Dada akauona mkono mtupu. Akauliza fundi anayesafisha saa anakaa mtaa gani. Nikamwelekeza. Ningefanya nini?

Alhamisi, 13 Machi

Dada alikwenda jana. Saa imeshauzwa, kwa mpita njia, fundi hamjui. Amerudi na pole ya fundi na hakuna kingine. Nilimsubiri anifokee, nikapanga na majibu. Alipita mbele yangu akaenda kuanika nguo. Chakula changu sasa anakiacha mezani kimefunikwa, yeye anakula na mshonaji.

Nalala stoo. Nikinyoosha miguu nafungua mlango. Ukutani nimebandika ile picha yangu, nimeilinganisha kwa makini, na msimamo wangu ni kwamba kosa si langu. Lenzi ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni watu kuja kuangalia kwa macho.

Nasikia cherehani tangu asubuhi. Chumba changu kile, na dirisha lake.

Jumatatu, 17 Machi

Tarehe imefika. Mwanya amekuja na Dada amempa kazi zote za kupangisha nyumba, mbele yangu, kwa maneno matatu.

Halafu likaja la kunimaliza. Mwanya alinifuata stoo, akabaki mlangoni kwa kuwa ndani hapatoshi wawili. Akasema kazi zimemzidi. Anahitaji msaidizi mwaminifu. Mwaminifu! Kazi yenyewe ni kushika ncha ya utepe wa kupimia vyumba, yeye anasoma namba huku mwisho na kuandika. Akasema Dada ndiye aliyemwomba anifikirie, na kwamba nikifanya kazi hii kwa mwaka mmoja bila doa, Dada yuko tayari kuzungumza nami tena.

Dada aliniombea kazi kwa Mwanya. Nimekaa na hilo neno mchana kutwa, halimezeki.

Nimekubali lakini. Tunaanza kesho kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, na naona Mwanya hajui amempa nani kazi. Yeye atakuwa mwisho mwingine wa chumba, macho kwenye namba zake. Ncha ya utepe ninayo mimi. Nikirudi nyuma hatua moja, nikatoka mlangoni, utepe ukafika ukumbini na chumba kikarefuka, nani ataona?