Fundi Anayetengeneza Vitu Vikapona

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Vyombo vya Umeme,
Banda la kona, mkabala na mashine ya kusaga.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MALALAMIKO MAZITO DHIDI YA MWANACHAMA WAKO, AMBAYE NI MKWE WANGU

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, kwa sababu ikikukuta umesimama itakubidi ukae. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo na moyo. Mgongo nimeuzoea. Nakuandikia kwa ajili ya moyo.

Unanijua. Mimi ndiye Mama Shaba, mwenye uwanja wa mabati nyuma ya duka la magodoro, mwaka wa kumi na tisa huu. Kazi yangu ni kununua vyombo vya umeme vilivyokufa: feni, friji, blenda, mashine za kufulia, na zile televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa. Navipasua, natoa shaba iliyomo, naimenya, naiyeyusha kwenye chungu changu, namimina kwenye kalibu. Kila mwisho wa mwezi anakuja mzee mmoja mwenye lori kuchukua vipande vyangu vikiwa safi, havina jivu wala bati ndani yake. Kwa kazi hiyo nilimzika mume wangu kwa heshima, na kwa kazi hiyo nikamsomesha binti yangu, mmoja tu, hana mwenzake.

Sasa mwezi huu chungu hakijaona moto. Mwezi uliopita kiliuona mara moja. Mzee wa lori ameniambia bila kunizungusha kwamba akija tena akakuta sanduku langu la shaba halijajaa, njia ya huku anaiacha, atachukua kwa wenzangu wa upande wa pili wa reli. Lori likiacha kuja, mimi nimekwisha. Umri huu siwezi kuanza kuuza vitambaa. Na anayenimaliza si mwizi wala si mshindani. Ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, fundi mwenye kadi ya chama chenu, tena ada analipa kwa wakati, jambo ambalo lilipaswa kukushtua mapema.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kwamba anatengeneza vitu, na vinapona.

Naomba usicheke. Najua fundi kazi yake ni kutengeneza, lakini mimi na wewe ni watu wazima na tumeishi na mafundi. Fundi wa kawaida unampelekea feni, anaifungua, anaguna, anakwambia njoo kesho. Kesho yake kipuri hakipo. Ukija mara ya nne unakuta feni ina skrubu tatu badala ya sita na inatoa moshi. Mwenye feni anakata tamaa, anaibeba, anakuja kwangu. Huo ndio utaratibu tulioukuta na ulikuwa unatutosha sote. Yule jirani yako wa kushoto, tunayemwita Fundi Kesho, amenilisha miaka kumi na miwili bila kujua. Hata wewe, Mwenyekiti, na sikutaji kwa ubaya, ile friji ya mwalimu uliyoitengeneza mara tatu ilinipa kompresa nzuri mno, na sikukushukuru. Nakushukuru sasa.

2. Kwamba aliposa bila kujieleza.

Alipoleta posa niliuliza kazi yake, nikaambiwa fundi wa vyombo vya umeme. Nilifurahi mpaka nikajikwaa kwenye mkeka. Nikajisemea, Mama Shaba, Mungu amekukumbuka, maana kila friji itakayokufa mtaani hapa itapitia mlangoni kwa mwanao kabla haijakwenda kokote. Nilikubali siku ileile, hata chai ya wageni haijapoa. Mashangazi waliuliza kama anakunywa, kama ana mke kwingine, kama anawaheshimu wakubwa. Hakuna aliyeuliza kama kazi yake anaijua. Na mimi ninayeshinda nimeinamia mota kutwa nzima, mimi niliyeona kwa macho yangu kila aina ya uharibifu wa mafundi, sikuuliza! Hapo nilikosea na nakiri. Lakini mtu mwenye ujuzi kiasi kile naye alipaswa kusema mapema, ili wazazi wajue wanaingia kwenye nini.

3. Kwamba anachagua vya zamani, tena makusudi.

Wewe ni fundi, hili utalielewa. Vitu vya siku hizi havina shaba. Unapasua feni mpya, unaona waya mwekundu unang'aa, unafurahi. Ukiukwangua kwa kisu, ndani mweupe. Ni alumini imepakwa rangi, na ukiitia chunguni kwa kutojua imekuharibia chungu kizima. Shaba ya kweli imo kwenye vyombo vya mama zetu, vile ambavyo ukitaka kuvibeba unaita mtu wa kukushikia upande. Hivyo ndivyo ninavyongojea vife. Na yeye hivyohivyo ndivyo anavyovifufua. Akiletewa kitu kipya anamwambia mwenyewe kwa upole kwamba hiki hakina maisha, asijisumbue. Akiletewa feni ya enzi nikiwa msichana, anaipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe, ambalo binti yangu ndiye anayelifua, halafu anaiita bibi. Nimemsikia akiiuliza bibi anaumwa wapi. Hebu niambie, Mwenyekiti, mtu anaongea na feni, na kadi mmempa?

4. Kwamba ameingia mpaka uwanjani kwangu.

Siku moja alikuja kunisalimia. Akaniamkia vizuri, akakaa juu ya ndoo, macho chini kama mkwe anavyotakiwa. Kumbe yale macho ya chini yalikuwa yanakagua rundo langu! Nilikuwa nimenunua mashine ya kufulia ya mkunga, patasi nimeshaiweka mahali pake na nyundo nimeinua. Akaomba kwa adabu aitazame kidogo. Akatoa bisibisi mfukoni. Mtu gani huyo anayekwenda kumsalimia mama mkwe na bisibisi mfukoni? Kufumba na kufumbua mashine inazunguka, mimi nyundo bado iko juu, majirani wameshamwita mkunga, na mkunga anacheza katikati ya uwanja wangu na kunikumbatia. Ningefanyaje? Nilimrudishia mashine yake na nikapiga vigelegele, ingawa vya shingo upande.

Tangu hapo sina raha. Watu wakitaka kuniuzia kitu wanasema ngoja kwanza tumuulize mkweo. Wengine wanakuja kutazama vitu walivyoniuzia zamani, wanasimama mbele ya rundo kama waliokuja kuona wagonjwa. Juzi kinyozi alikaa nusu saa mbele ya redio yake akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeiua. Na mimi siku hizi nikiinua nyundo mkono unasita, nabaki najiuliza huenda hiki nacho kilikuwa kinapona. Mpasuaji akianza kuwa na huruma, kazi imeisha.

5. Kwamba shaba inarudi majumbani.

Hili ndilo zito, lisome taratibu. Mota ikiungua, wenzake wanaitupa. Yeye anaisuka upya. Ananunua waya wa shaba ya kweli, anauzungusha raundi kwa raundi, mamia ya raundi, anahesabu kwa midomo, na ukimsemesha katikati anaanza upya bila kununa. Yaani shaba ambayo tangu zamani inatoka majumbani kuja kwangu, sasa inatoka dukani kwenda majumbani! Nimeliwaza jambo hili mpaka nikakosa hamu ya kula. Akiendelea hivi miaka mitano, kila sebule ya mtaa huu itakuwa na shaba kunishinda mimi. Akiendelea miaka kumi hakuna atakayenunua friji mpya, mwenye duka la vyombo atafunga, na mchukuzi wake atakaa nyumbani. Nanyi mafundi wengine mtabaki kwenye mabanda mnatazamana, kwa maana kitu kilichopita mkononi mwake hakirudi kuharibika. Chama kitakufa, mtabaki na muhuri. Mwishowe atakuwepo fundi mmoja tu, naye hana la kufanya, na binti yangu atalala njaa kwa sababu mumewe ameponya kila kitu. Mimi nawalilia nyote, siyo nafsi yangu tu.

6. Kwamba hagombezeki.

Nimejaribu, Mwenyekiti. Siwezi kusimama barabarani nikamfokea mume wa mwanangu, watu watanionaje? Basi naenda bandani kwake nimejaa maneno mpaka kooni. Ananipangusia kiti. Ananiletea chai yenye sukari vile ninavyoipenda. Ananiuliza mgongo. Maneno yote yanashuka na chai, narudi nyumbani nimeshiba hasira zangu mwenyewe. Nikaona nimtume binti yangu. Binti yangu, niliyembeba mgongoni huku namenya waya, akaniambia kwamba yeye hawezi kumgombeza mumewe kwa kosa la kujua kazi. Akaendelea kuanua nguo zake. Iliniuma, sifichi. Nilikwenda nyuma ya rundo nikalia kidogo, halafu nikafuta uso kwa kanga na kuendelea kukata nyaya.

Kwa hayo yote, naomba Chama kifanye yafuatayo:

(a) Aagizwe kuharibu walau kimoja katika kila vitatu anavyoletewa. Kama hajui namna, Fundi Kesho amfundishe, maana ana kipaji na hana haraka.

(b) Akatazwe kugusa chombo chochote kinachomzidi umri. Ni suala la heshima kwa wakubwa.

(c) Apekuliwe mifuko kila anapokwenda kusalimia wakwe.

(d) Yote hayo yakishindikana, anyang'anywe kadi, banda lifungwe, apewe kazi nyingine yenye hadhi ambayo hailazimu kitu chochote kipone. Nimefikiri sana, naona hata uenyekiti ungemfaa.

Naomba uamuzi utoke kabla ya lori kuja. Simwombei mabaya, naomba tu apungue.

Msalimie sana mkeo, na mwambie ile pasi yake nimesikia inaanza kukatika waya, asiwe na haraka ya kuipeleka popote. Wasalimie mweka hazina na katibu, mwenye mashine ya kusaga na wanawe, Fundi Kesho na yeyote aliyekaa kwenye benchi lake leo. Wasalimie na wale wote wanaosubiri vitu vyao hapo kwenu tangu mwaka jana, Mungu awape subira.

Ni mimi, ninayeumia kwa adabu,

Mama Shaba

N.B. Usishangae mwandiko mzuri. Macho yangu yameliwa na moto wa chungu, siku hizi kuandika kunanishinda. Nilimwomba binti yangu aniandikie, akasema kama nataka kumshtaki mumewe basi nimwandikishe mumewe mwenyewe. Nami nikamwandikisha. Amekaa hapa tangu saa nane mchana, kichwa chini, anaandika kila ninachomtajia, hata la yeye kunyang'anywa kadi. Amekataa neno moja tu, nililotaka kulitia kwenye namba nne, na kusema kweli halikuwa neno la kuandikwa na mkwe.

Kwenye habari za lori kalamu ilisimama. Hakuwa anajua, na mkwe haendewi na shida za namna hiyo. Pale niliposema nililia nyuma ya rundo alipaandika polepole sana. Tulipofika kwenye sahihi akaomba ruhusa, akatoka, akarudi anasukuma mkokoteni. Magunia manne! Mota zote alizosuka miaka hii miwili, ile shaba iliyoungua aliyoitoa ndani yake ameiweka, imekatwa, imefungwa mafungu. Huwezi kuingiza waya mpya bila kutoa wa zamani, Mwenyekiti, hilo analijua hata paka wa bandani kwenu. Mimi Mama Shaba, miaka kumi na tisa kwenye shaba, sikuwahi kujiuliza ile ya zamani inakwenda wapi. Yeye aliona aibu kumpelekea mama mkwe uchafu wa masizi, alitaka kwanza apate nafasi ya kuusafisha. Mimi niliona aibu kuomba. Miaka miwili tunakunywa chai tu.

Chungu kiko motoni sasa hivi. Magunia mawili yanatosha kujaza sanduku. Kwa hiyo (a) mpaka (d) nimezifuta zote, na huyo Fundi Kesho asimsogelee hata kidogo. Asuke mota za mji mzima.

Nilitaka aongeze mstari mmoja wa mwisho. Ameweka kalamu chini, anasema huo hawezi kuuandika yeye. Basi kalamu naishika mwenyewe, mstari uusome hivyohivyo ulivyopinda:

Mkwe wangu ni fundi.