Swali la Mstari Mmoja kutoka Brussels

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Tangazo limetoka. Nafasi moja tu! Makao makuu, Kiyovu, Dawati la Benki za Nje. Nimelisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama.

Nijieleze, maana shajara hii ni mpya. Salvator Ndihokubwayo, miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, afisa wa huduma kwa wateja. Benki yetu ina matawi kumi na saba. La mwisho kwenye orodha ni Busanza, na wa mwisho kwenye orodha ya Busanza ni mimi. Nje ya nchi hatuna tawi hata moja. Tuna benki rafiki: Brussels, Frankfurt, Nairobi, Johannesburg. Mteja wetu akituma pesa Ulaya, zinapita mikononi mwao, na wakiingiwa na shaka wanatuma swali. Anayekalia dawati la Kiyovu ndiye anayezungumza nao. Kila mwaka huenda kuwasalimia, kwa ndege!

Mpinzani wangu ni Gakwaya wa tawi la Remera. Anavaa tai hata Jumamosi. Mwaka mzima hajarudishiwa swali hata moja. Mimi nimerudishiwa manne. Maombi ya kutuma pesa niliyopeleka mwaka huo pia ni manne.

Saa tisa alasiri akaja Mama Ingrid. Kitambulisho chake kinasema Kankindi Athanasie, lakini Busanza nzima tunamwita Mama Ingrid. Fundi cherehani, anakaa kwenye nyumba za mradi hapo chini. Bintiye amepata nafasi katika chuo kimoja cha Liège, Ubelgiji, kusomea ukunga. Ada iwe imefika Ijumaa ya tarehe 12, saa sita mchana. Ikichelewa, nafasi anapewa mwingine. Mama ameuza ng'ombe na kipande cha shamba alichoachiwa na mama yake. Nikamwambia aniachie mimi, alale usingizi.

Hii itapita bila swali. Nimeapa. Penye nia pana njia, na njia yenyewe inapita Brussels.

(Naandika Kiswahili ili mke wangu Kayitesi asisome. Alikulia Mbarara. Kwake Kiswahili ni lugha ya askari wa barabarani.)

Jumatano, 3 Septemba

Swali limerudi.

Mstari mmoja: mtumaji anaitwa Kankindi, mwanafunzi anaitwa Gwiza, majina hayafanani, uhusiano wao ni upi?

Wazungu hawa! Kwao baba, mama na watoto wote hujifunika jina moja kama blanketi. Sisi kila mtoto anapewa jina lake. Nyumba moja ina majina sita na hakuna anayeshangaa. Mimi na kaka yangu tumezaliwa na mama mmoja, baba mmoja, na hakuna karatasi hata moja inayotufananisha.

Jibu la swali hili lina maneno mawili. Ndiyo maana nimelikataa. Nani atampandisha mtu cheo kwa maneno mawili? Halafu kujibu ni kukiri kwamba kulikuwa na swali, na mimi nimeapa hakuna swali.

Nimepata dawa. Majina yafanane! Nimejaza fomu upya. Mtumaji: Gwiza Athanasie. Mpokeaji: Gwiza Ingrid. Safi kabisa, Kizungu kitupu. Mama Ingrid sikumsumbua kumwambia. Ana mambo mengi wiki hii.

Ijumaa, 5 Septemba

Swali la pili. Akaunti ni ya Kankindi, fomu ni ya Gwiza. Sasa wanataka kujua huyu Gwiza Athanasie ni nani na Kankindi amekwenda wapi.

Madamu Générose, mkuu wa dawati la Kiyovu, amenipigia mwenyewe. Sauti ya upole, ile ya mtu anayehesabu moja mpaka kumi. Akasema nirudishe fomu ya kwanza kisha nijibu swali la kwanza, basi. Nikamwambia nalishughulikia kwa undani. Akasema hataki undani.

Mama Ingrid amepita kuuliza. Nimemwambia kila kitu kiko njiani. Si uongo. Njia sikuitaja.

Jumamosi, 6 Septemba

Mkakati mpya: kumpeleleza Gakwaya. Nimemwalika kwa brosheti, yaani mishkaki, Remera, karibu na uwanja wa Amahoro. Mbili za mbuzi, ndizi za kuchoma, gharama yangu. Amekuja na tai.

Nikamzungusha. Nikaanza na mpira, nikapitia bei ya viwanja, nikafika taratibu kwenye fomu. Nikamuuliza, kana kwamba sijali, anafanyaje hata Brussels wasimuulize kitu. Akafuta vidole. Gakwaya alisoma Ngara, Kiswahili chake kimenyooka kama tai yake.

“Ndugu yangu,” akasema, “pale penye kisanduku cha uhusiano, mimi huandika uhusiano.”

Nikacheka. Naye akacheka kidogo, akaongeza ndizi. Mjanja kupita kiasi! Anataka nijibu moja kwa moja ili nionekane mshamba mbele ya Madamu Générose. Sikujua kwamba fomu ina kisanduku hicho. Nitakitazama Jumatatu, lakini sitakiamini.

Jumapili, 7 Septemba

Misa ya pili. Wakati wa mahubiri wazo likanijia: barua! Brussels wanatushuku kwa sababu hawatujui. Basi watujue. Nimeandika tangu saa saba mchana, kwa Kifaransa cha masista walionifundisha, chenye “nina heshima kubwa ya” kila aya. Kurasa saba. Nimeeleza ukoo mzima wa Mama Ingrid: babu, bibi, wajomba, mashangazi, walioishi na waliokufa. Wale ambao sikuwajua majina nimewakadiria. Na ili kusiwe na mkanganyiko wowote, wote nimewapa jina la mwisho Gwiza, hata marehemu.

Watu kumi na wanne, ukoo mmoja, jina moja. Nimejisikia kama mfalme anayegawa mashamba.

Kayitesi akauliza naandika nini. Nikasema ripoti. Akasema ripoti gani inamfanya mtu atabasamu hivyo, akaenda kuanua nguo.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeituma moja kwa moja Brussels, bila kupitia kwa Madamu Générose. Ana kazi nyingi, nimempunguzia.

Kisanduku cha uhusiano kipo kweli. Kidogo sana. Kingenitosha vipi?

Jumanne, 9 Septemba

Msiba.

Kumbe kila jina linalofika Brussels linapitishwa kwenye orodha ya watu waliowekewa vikwazo duniani. Nami nimewapelekea kumi na manne! Manne yamefanana na watu ambao hakuna anayetaka kufanana nao, mmoja wao mfanyabiashara wa silaha. Huyo ni yule babu niliyemkadiria. Sasa wanataka tarehe ya kuzaliwa, anwani na kazi ya kila mmoja. Marehemu pia. Pesa ya Mama Ingrid imesimamishwa mpaka uchunguzi uishe. Uchunguzi wa kawaida huchukua siku thelathini, na zimebaki siku tatu!

Mama Ingrid alikuja saa nne. Nilijificha chumba cha kuhifadhia karatasi mpaka akaondoka. Alinisubiri saa nzima. Nilimwona kwenye tundu la ufunguo, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Chakula cha mchana kimenishinda.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeitwa Kiyovu! Usiku nilijipa moyo. Labda barua imewagusa. Labda ni usaili. Nimevaa suti ya harusi yangu, ambayo sasa hivi inafunga kifungo cha juu tu.

Haikuwa usaili.

Madamu Générose alikuwa na kurasa zangu saba mezani. Hakupandisha sauti. Akauliza, huyu mteja hapo Busanza mnamwitaje? Nikasema, Mama Ingrid. Akafunua ukurasa. Akauliza, na mwanafunzi jina lake nani? Nikasema, Ingrid. Akanitazama. Nje mtu alikuwa akikata majani kwa mashine, ikazima, ikawaka tena, na bado alikuwa ananitazama.

Nikadhani anatafakari. Nikajitolea kuongeza ukurasa wa nane.

Ndipo akaniambia mambo mawili. La kwanza, amewaomba Brussels waitupe barua yangu kana kwamba haikuandikwa, na wamekubali kwa sharti moja: jibu litoke kwa mteja mwenyewe, kabla ya kesho saa kumi jioni. La pili, atakayekwenda kumweleza mteja ni mimi, kwa miguu yangu, na nisimfiche hata chembe. Nikauliza kama nafasi bado iko wazi. Akasema mlango uko wazi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeenda saa mbili asubuhi. Njiani nilitunga maelezo: sikukuu ya Ubelgiji, mtandao umekatika, mgomo wa reli. Mgomo wa reli ulinipendeza zaidi.

Nyumba ndogo, safi, cherehani karibu na dirisha. Sanduku la Ingrid liko tayari mlangoni, jipya, bado lina nailoni. Mama akanipa maziwa kabla hata sijakaa. Nikanywa. Nikaanza mgomo wa reli. Ingrid, msichana wa miaka kumi na tisa, akaomba aione simu yangu, nami kwa kuchanganyikiwa nikampa. Akasoma ujumbe wote wa Brussels tangu wa kwanza. Akamgeukia mama yake, akamwambia kwamba wiki yote hii Brussels walikuwa wanauliza tu mama ni nani kwa mwanafunzi.

Mama Ingrid hakuelewa. Akauliza, na Salvator aliwajibu nini? Basi nikasema. Yote. Kwamba nilimwandika Gwiza.

Yeye naye alikulia Bujumbura, ukimbizini, mtaa wa Buyenzi, kwa hiyo sisi wawili huongea Kiswahili cha kule.

“Hii jina ya Kankindi nilipewa na baba yangu,” akasema. “Nilikimbia nayo, nikarudi nayo. Nyumba ilibaki, ng'ombe zilibaki, jina ndiyo ilirudi. Na wewe, mwanangu, umeitoa na kalamu?”

Nimeona aibu. Naandika hivyo hivyo, aibu, maana sina neno lingine. Nilitaka ardhi inimeze na suti yangu ya pili. Na aliniita mwanangu, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kisha akakaa, akamwambia Ingrid aandike. Alisema sentensi mbili tu. Yeye ndiye mama yake. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ingrid akaziweka kwa Kifaransa, akapiga picha cheti cha kuzaliwa. Nikauliza kama nisiongeze salamu kidogo mwanzoni. Wakanitazama wote wawili. Nikatuma kama ilivyo, saa tatu na robo.

Ijumaa, 12 Septemba

Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Saa nne Mama Ingrid na bintiye wakaja wakakaa kwenye benchi la wateja. Sikujificha. Nilikaa nao. Saa yetu na ya Ubelgiji ni moja majira haya, kwa hiyo hapakuwa hata na saa ya kuazima.

Saa tano na dakika ishirini, Kiyovu wakapiga. Imepita! Chuo kimethibitisha!

Mama Ingrid hakupiga kelele. Alimshika bintiye kichwa kwa mikono miwili, akakiinamisha, akaweka paji lake juu yake. Mimi nilienda chooni nikalia kama mtoto, na ninakiri sikulilia cheo.

Jumatatu, 15 Septemba

Nafasi amepewa Gakwaya. Tayari ana simu yenye vitufe vingi na amebadilisha tai. Sentensi mbili za Mama Ingrid zimetumwa kwa matawi yote kumi na saba, ziwe mfano wa kujibu. Ingrid anapanda ndege kesho kutwa. Mama yake ameniletea shati alilonishonea, kola imekaa vizuri.

Nimelifikiria jambo hili siku mbili nzima, kwa utulivu. Sasa naliona wazi. Ni barua yangu iliyowalainisha! Baada ya kurasa saba, nani asingeshukuru kupata sentensi mbili? Mama wa watu alimalizia tu. Mwezi Machi kutatangazwa nafasi nyingine Kiyovu, nami nitakuwa tayari.

Leo ameingia Mzee Mutsinzi. Anataka kumtumia mdogo wake pesa ya matibabu, Frankfurt. Mdogo wake anaitwa Bizimana. Majina hayafanani! Nimekiona kisanduku cha uhusiano, kinanitazama, lakini mimi si wa kuingia mtego wa Gakwaya mara mbili. Fomu pia sitaigusa kisirisiri, hilo nimeliacha. Safari hii kila kitu kihalali.

Nimemkalisha Mzee, nimemwagizia chai, na nimemuuliza kwa heshima zote kama hangependa kubadilisha jina. Maombi ya serikalini nimeshamchapia. Amesema atamuuliza mkewe.