Maskini wa Jumamosi

Jumatatu, 5 Januari 2026

Shule zimefunguliwa. Nimempeleka binti yangu Sumaiya mwenyewe, sare imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Nimerudi na barua. Karo imepanda! Na si kule kupanda kwa kila mwaka tulikokuzoea. Imeruka. Mwalimu Chirau, mwenye shule, kanieleza kwa sauti tamu kwamba serikali imeleta vocha ya karo kwa watoto wa maskini, basi na shule inajipandisha hadhi. Nikamuuliza hadhi yenyewe iko wapi. Kanionyesha geti jipya.

Nimepiga hesabu njiani. Karo imeongezwa kwa kiasi kilekile cha vocha! Yaani mwenye vocha hatoi zaidi hata ndururu, na mimi nisiye nayo naibeba nyongeza yote. Na vocha sipewi, kwa kuwa ni mkuu wa stoo hotelini Diani na nina hati ya mshahara. Kusaidiwa, mimi tajiri. Kulipa, mimi maskini. Twaiba, mke wangu, kasoma barua mpaka chini: mwisho wa kulipa ni Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya hapo kiti cha Sumaiya anapewa mwingine. Na mtoto yuko gredi ya sita, mwaka wa mtihani. Alisikia. Akaenda kuvijalidi vitabu vyake upya. Roho imeniuma.

Enzi zetu Msambweni haya hayakuwapo. Maziwa ya Nyayo, ya bure ya serikali, yalikuja shuleni, pakiti za pembe tatu, kila mtoto yake. Mtoto wa chifu na mtoto wa mkwezi wa minazi, mstari mmoja. Tukizitoboa kwa meno. Hakuna aliyekuja kwanza kuchungulia nyumbani kwetu kuna nini.

Jumatano, 7 Januari

Nimegundua jambo! Feisal ana vocha! Feisal huyuhuyu jirani yangu, mwenye duka la rangi pale Kona ya Musa! Mkewe, Fauzia, kaponyokwa na ulimi mbele ya Twaiba. Kwenye fomu Feisal kaandikwa kibarua wa kupaka rangi. Twaiba kasema si uongo wote, ukuta wao kaupaka mwenyewe. Na mtu huyu juzi kanishika bega msikitini, kaniambia Mungu atafungua njia. Kumbe kwake ilishafunguka zamani, kapita, kafunga nyuma yake!

Basi nami nimejiandikisha. Kazi: mchukuzi wa magunia. Haki ya Mungu, magunia yote ya hoteli hupita mikononi mwangu. Kamati ya mtaa itakuja Jumamosi kuikagua nyumba. Wanatazama friji, televisheni, makochi na paa.

Mama yangu, Bi Mwanafatuma, anayekaa nasi, hakupendezwa. Kasema tangu aolewe hajaingiliwa nyumbani na mtu aliyekuja kutazama asicho nacho. Nikamwambia ni ukaguzi tu. Kasema afadhali mwizi, yeye huja kwa kudhani una kitu.

Alhamisi, 8 Januari

Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda Tiwi kutafuta makuti ya kufunika bati la mbele. Fikra nzuri, ilinijia kwenye chai. Nyumba yetu ya utotoni ilikuwa ya makuti. Mvua ikinyesha unaisikia kwa mbali, unalala fofofo. Bati hukugombeza usiku kucha. Baba alikuwa akipanda juu mwenyewe kuziba matundu, sisi watoto chini tukimrushia kamba, yeye akitutukana kwa mapenzi. Nimeyakumbuka hayo mpaka nikapitiliza kituo.

Muuza makuti kanitajia bei. Nikamwambia nataka makuti, sikuja kununua shamba la minazi. Kaniuliza najenga nyumba za wageni au mkahawa wa ufuoni. Loh! Makuti siku hizi ni ya wenye pesa zao! Maskini wote wamebakia na bati. Basi bati langu linatosha. Nimerudi mikono mitupu, lakini nimefaulu kwa upande wa paa.

Ijumaa, 9 Januari

Saa tisa mchana, watu wameswali, wamekula wali, mtaa mzima umelala. Nimemwendea Feisal, nikamwomba anihifadhie vyombo mpaka kesho jioni. Kasema sebule yake ndogo. Nikamuuliza kibarua chake cha kupaka rangi kinaendeleaje. Akafungua mlango wote.

Tumehamisha friji, televisheni, makochi, hata mapazia. Nimeteguka kiuno. Feisal kajitupa kwenye kochi langu kubwa, eti analijaribu. Sikupenda alivyotulia.

Jioni, ajabu. Nyumba tupu, sauti zetu zinarudi ukutani. Tumetandika mkeka, tumekula sinia moja, mikono ikigongana kama zamani. Mama kasimulia jinsi baba alivyokuwa akitufunga kanga machoni, anatutia kipande cha embe mdomoni, atakayejua ni la mti gani anapewa kokwa afyonze. Sumaiya kataka wafanye hivyohivyo sasa hivi. Hatuna embe, wakatumia ndizi. Twaiba kacheka kicheko nilichokisikia mara ya mwisho mwaka wa harusi. Machozi yalinitoka, sioni haya kuyaandika. Vitu vyote vile tulivinunua vya nini? Baba hakuwa na kochi hata moja, na wageni hawakukauka kwetu. Nilikaribia kusema tusivirudishe kabisa. Kisha nikataka maji baridi, fikra ikakatika.

Jumamosi, 10 Januari

Msiba.

Niliamka mapema, nikavaa shati lenye tundu. Nililitoboa mwenyewe. Twaiba kasema hakuna panya anayetoboa duara. Mpango ulikuwa chai ya rangi na mhogo wa kuchemsha, basi, tena kidogo. Kamati ikabisha hodi: watu watatu, na mwenyekiti wao ni nani? Mwalimu Mwinyihaji! Mwalimu wangu wa Msambweni, aliyekuwa akigawa maziwa! Nikampa shikamoo, nikambusu mkono, nikawa na umri wa miaka tisa palepale mlangoni. Kanitambua mara moja. Kawaambia wenzake huyu ndiye aliyekuwa akipanga mstari mara mbili.

Tukakaa mkekani. Nikakohoa kimaskini. Mara mlango wa nyuma ukafunguliwa na mama kaingia na sinia. Pilau! Kumbe alfajiri kaenda sokoni kwa pesa zake. Kuku wa kupaka! Sambusa! Juisi ya ukwaju! Na vile vikombe vya harusi yake vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo mimi mwanawe sijawahi kuvigusa. Nikamkonyeza. Nikamkonyeza tena. Kasema kwa sauti, mbele yao, kwamba jicho langu limeingia nini, na kwamba mgeni haondoki kwake midomo mikavu, hata awe katumwa na serikali. Ningefanyaje? Nami nikala. Pilau ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Mwalimu kala sahani tatu. Tukaingia kwenye mazungumzo ya zamani. Kengele ya shule, ile rimu ya lori iliyotundikwa. Bustani ya mchicha. Maziwa! Kasema pakiti zilizobaki alikuwa akiwapa watoto wa mbali wanywe njiani, na hakuna aliyemtuma. Kasema alikuwa hamuulizi mtoto baba yake ana nini. Alikuwa akiuliza tu kama mkono ni safi. Mimi nikamkumbusha utamu wa maziwa yale. Kasema kweli, ila yalikuwa moto moto, yalipigwa jua garini; yangekuwa baridi, ingekuwa pepo.

Mama uso ukamng'aa. Kamwita Sumaiya, kamwambia akimbie kwa Feisal amletee mwalimu maziwa. Yamo kwenye friji letu, chini kidogo ya mlango wa barafu.

Friji letu.

Hakuna aliyetafuna. Mwalimu kanawa mikono polepole, kasema atamsindikiza mtoto, jua kali. Kamati yote ikainuka. Nikawafuata nikieleza habari za kiuno changu. Kwa Feisal mlango uko wazi: friji mbili, televisheni mbili, makochi mpaka kizingitini, na kibarua wa kupaka rangi kajilaza kwenye la kwangu, anatazama mpira kwenye televisheni kubwa. Ya kwangu pia!

Mwalimu kayanywa maziwa yake yote. Kamshukuru mama. Kaandika kitu, kaenda zake.

Jumapili, 11 Januari

Vocha nimenyimwa. Feisal kanyang'anywa. Kasimama uani kwangu kelele tupu, kaniita mnafiki mbele ya watu waliojua kibarua chake. Nikamwambia Mungu atafungua njia. Friji kakataa kulirudisha. Eti fidia. Makochi pia.

Mwalimu Mwinyihaji kapiga simu baada ya adhuhuri. Kasema vigezo hakuvitunga yeye; laiti angeulizwa, watoto wote wangepanga mstari mmoja kama zamani. Kasema anajua watu kama mimi tunabanwa katikati, hatuko juu hatuko chini. Sauti yake ilikuwa ya huzuni. Nikataka kulia. Kisha kauliza mama alitumia viungo gani.

Mama hajuti hata chembe. Twaiba kanyamaza. Twaiba akinyamaza, ni heri Feisal na kelele zake.

Jumatatu, 19 Januari

Ijumaa ilipita. Sumaiya yuko nyumbani. Asubuhi huvaa sare, hukaa mlangoni mpaka wenzake wapite, kisha huenda kuivua na kuikunja. Simtazami wakati huo, natafuta kazi ya kufanya. Mchana humsomea bibi yake kitabu cha sayansi. Mama sasa anazijua sehemu zote za ua na anazitaja akimwagilia.

Leo, simu! Mwalimu Chirau, na sauti si ile ya geti. Fedha za vocha hazijaletwa, haijulikani lini. Waliokuwa wakilipa wamewahamisha watoto wao. Walimu wanadai mshahara. Anaishusha karo iwe ileile ya mwaka jana kwa yeyote atakayelipa kabla ya Ijumaa hii, na kiti cha Sumaiya kiko palepale. Karo ya mwaka jana! Kanisihi, mimi! Twaiba kasema nilipe sasa hivi kwa simu, pesa ipo, tena kasimama na mtandio kichwani tayari kumpeleka mtoto. Sumaiya kasikia, kaitoa sare kabatini.

Ninaweza kulipa. Hilo ni kweli.

Lakini nimewaambia wangoje kidogo. Mtu mwenye akili halipi nusu wakati kuna njia ya kutolipa kabisa. Kinyozi wangu kanieleza leo, tena kwa kunong'ona, kwamba vocha ya yatima haina ukaguzi wa friji.

Jumatano, 21 Januari

Imekamilika. Nimepeleka maombi kule Msambweni, kamati nyingine, watu nisiowajua. Mlezi: bibi. Baba: marehemu. Nimetumia kalamu nzuri.

Nyumbani mambo si shwari tangu jana nilipojaza fomu. Mama kaleta astaghfirullahi nyingi kuliko za mwezi wa Ramadhani. Hasemi nami, kwa kuwa yeye hazungumzi na maiti. Kisha kamgeukia Twaiba, kamwambia mjane hukaa eda, na eda ina masharti yake. Twaiba kaitikia kwa haraka nisiyoipenda, kaingia chumbani, kakomea mlango. Nimelala sebuleni mkekani. Nimekumbuka tena nyumba yetu ya zamani, lakini mgongo haukukumbuka kwa furaha ileile.

Chirau kapiga tena. Mwisho Ijumaa, kasema. Sikupokea ya pili. Marehemu hapokei simu.

Sumaiya kanijia mchana nikiandika hapa. Kasoma juu ya bega langu, kisha kauliza taratibu: siku ya wazazi nikienda shuleni, atawaambia walimu mimi ni nani? Swali la maana sana. Nikafikiri, nikamwambia aseme mjomba.

Jioni natoka maghribi, watu wamejaa barazani, Feisal akiwamo. Sumaiya kanifuata mbio, kasimama kwa adabu, kasema mbele ya wote: shikamoo, mjomba. Nikaitikia marahaba. Kitu kikanichoma kifuani, nadhani ni gesi. Lakini mashallah! Nimemwambia mara moja tu, na keshashika! Mtoto mwepesi namna hii haifai akose masomo hata siku moja.