Mashine ya Kumkatalia Haji

Jumamosi, 13 Septemba

Haji tena. Mara ya sita wiki hii! Kaja na flashi yake shingoni, kaifunga uzi mweusi kama hirizi, anataka nimprintie ratiba ya madrasa. Jana ilikuwa kaswida. Juzi picha za mbuzi anayemuuza.

Siwezi kumkatalia. Kanizidi miaka minne, nyumba zetu zinagusana ukuta, na kila akiingia namwamkia shikamoo. Ukishamwamkia mtu shikamoo, utamwambiaje hapana? Na flashi yenyewe ni furushi la maradhi. Mafaili yangu yote yameota vishale pembeni. Ukilifungua moja, ndani hamna kitu.

Saleha, mke wangu, kasema virusi ni shauri langu na Haji. Yeye anataka jambo moja tu. Ijumaa ijayo Tahiri, mwanetu wa pekee, anaoa huko Maskati, nje ya nchi. Viza ya mama yake haikutoka, kwa hiyo nikaha ataitazama kwa video kwenye kompyuta hii aliyotuletea Tahiri mwenyewe. Simu zetu ni za tochi, hazina video. Mtaa mzima wa Mabawa umekwishaalikwa. Kasema asipomwona mwanawe akitamka "nimekubali", nami nisitarajie kukubaliwa neno lolote ndani ya nyumba hii.

Nimemwahidi. Na nimepata wazo.

Jumapili, 14 Septemba

Eliudi, fundi kompyuta, hufungua duka akitoka ibadani. Nilimsubiri mlangoni. Kanieleza kama anamweleza mtoto wa chekechea. Antivairasi husaka virusi vilivyokwisha kuingia. Fayawoli hukaa mlangoni na kuuliza nani anaingia, nani anatoka. Kasema kompyuta yangu inazo zote mbili tangu kiwandani. Niziwashe tu, nipekue kila flashi kabla ya kuifungua, nisiongeze kitu.

Upuuzi! Mlinzi aliyekuwa ndani siku zote ninaibiwa, huyo ni mlinzi au mgeni?

Nikamuuliza ipi kali. Si kali kwa virusi, kali kwa watu. Nataka yenye rangi nyekundu na kelele, imkatalie Haji mbele ya macho yake, mimi nibaki na sura ya kusikitika. Mashine haina ujirani. Eliudi kaniuzia moja yenye king'ora. Kanionya nisije nikaweka mbili pamoja. Nimemsikia.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeweka mbili. Ya pili nimeipata bure kwa majaribio, na cha bure hakiachwi.

Wake wenza wana adabu zaidi! Kila moja inaishitaki mwenzake kuwa ndiyo kirusi. Niliiwasha kompyuta saa mbili asubuhi. Ilifunguka adhuhuri ikiadhiniwa.

Haji kaja saa kumi. Flashi ndani. King'ora! Skrini nyekundu! Hatari arobaini na tatu! Nikakunja uso, nikasema pole sana kaka, mashine imekataa. Moyoni nacheza ngoma.

Haji akanipa pole mimi. Kasema kumbe kompyuta inaumwa nami nimenyamaza, ujirani gani huo. Katoka mbio. Baada ya nusu saa karudi na mkewe Sabra, sahani ya vibibi vya unga wa mchele na jamaa wawili. Wamekuja kumjulia hali mgonjwa! Wamekaa hadi magharibi. Mmoja kaigusa kompyuta kwa nyuma, kasema kweli ina homa.

Jumanne, 16 Septemba

Habari imefika hadi Raskazone. Leo wamekuja watu tisa kutoa pole, na saba kati yao wamekuja na dawa kwenye flashi. Flashi saba! Nilikuwa namkimbia mmoja.

Mwinyijuma, shemeji yake Haji, katoka Kigombe kwa bodaboda na antivairasi aliyoazima kwa mwalimu wa huko. Mtu katoka Kigombe kwa ajili yako, vumbi hadi kwenye kope, utamkatalia? Nimeiweka. Sasa ziko tatu. Herufi ninayobonyeza leo itatokea kesho.

Jumatano, 17 Septemba

Fayawoli nayo nimeiwasha, ukali hadi mwisho. Raha iliyoje!

Kila dakika mbili linatokea dirisha dogo linauliza kwa Kiingereza: kuna programu inataka kutoka nje, niruhusu au nikatae? Programu siijui, inakokwenda sikujui. Nikabonyeza Kataa. Likanyamaza! Halikununa. Halikuniuliza kama nimelelewa. Halikuleta vibibi.

Nina miaka sitini na mbili, nimekuwa karani wa shule maisha yangu yote, sijawahi kumwambia mtu hapana usoni. Leo nimekataa mara themanini na moja kabla ya chakula cha mchana. Saleha kauliza nacheka nini peke yangu.

Alhamisi, 18 Septemba

Saleha kataka tujaribu kumpigia Tahiri kwa video. Nimemwambia nimekwishajaribu alfajiri, picha safi kabisa.

Sikujaribu. Mtu mwenye antivairasi tatu na fayawoli juu yake anajaribu nini? Saleha kafurahi, kaenda kupakwa hina. Roho imenisuta kidogo, kisha ikaacha.

Ijumaa, 19 Septemba

Naandikia barazani. Ndani siruhusiwi.

Saa tisa u nusu, wanawake thelathini sebuleni. Udi umefukizwa. Saleha na dera jipya, kiti cha mbele. Nikabonyeza. Maandishi mekundu! Binti yake Sabra, aliye sekondari, kayasoma kwa sauti na kuyatafsiri bila kuombwa: programu ya video imezuiwa kwa amri ya mwenye kompyuta, Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Wanawake thelathini wakanigeukia. Nikasema hiyo ni lugha ya kitaalamu. Nikabonyeza Ruhusu, antivairasi ya kwanza ikakataa. Nikaizima, ya pili ikapiga king'ora. Ya tatu, ile ya Kigombe, ikazima kompyuta nzima.

Haji kaingia mbio kwa kusikia king'ora, wala hakunilaumu hata kwa jicho. Katoa simu yake kubwa, kioo kimepasuka katikati, kampigia Tahiri. Nikaha ilikuwa imekwisha. Hata dua ilikuwa ukingoni. Saleha kaishika simu kwa mikono miwili, kamuuliza mwanawe tu kama amekwisha kulitamka lile neno. Tahiri akaelewa. Mbele ya masheikh wake wote kalirudia neno kwa ajili ya mama yake: nimekubali, mama. Hapo ndipo Saleha alipolia. Nami nililia, ila nyuma ya pazia. Sijapata kuona haya kama leo.

Rafiki wa Tahiri katuma video ya nikaha nzima kwenye simu ya Haji. Saleha kasema leo macho hayaoni kwa machozi. Ataitazama kesho adhuhuri, kwa utulivu, pamoja na dada zake wanaotoka Pangani.

Jumamosi, 20 Septemba

Saleha hasemi nami. Chai nimeletewa na Sabra.

Nimetafakari. Kosa ni la Eliudi. Kaniuzia moja, ikabidi nijiongezee mwenyewe. Lakini sina kinyongo. Nimesoma karatasi ya leseni: ile ya king'ora inaruhusiwa kwenye vifaa vitatu, nami nimetumia kimoja! Na Haji, aliyenisitiri jana, simu yake haina ulinzi wa aina yoyote. Ipo uchi! Asubuhi nimemwomba nimwekee, iwe shukrani yangu. Kasitasita. Kaona haya kukataa.

Imeanza kupekua. Imekuta faili moja kubwa mno, limeingia jana, limetoka nje ya nchi, kwa namba isiyo na jina. Inauliza nilifute au niliache. Mara hii sikukurupuka. Nimesoma kila neno, nimefikiri dakika nzima, ndipo nikabonyeza Futa.

Simu imekuwa nyepesi ajabu. Adhuhuri nitampelekea Saleha kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya dada zake, wajue nami nina faida.